Kiti Kilichojua Watu

Juzi funguo zangu za nyumba ziliangukia chini ya kiti cha dereva. Niliegesha gari kando ya barabara, nikapiga magoti kwenye nyasi, nikaingiza mkono mle gizani. Mkono ulirudi na funguo, lakini ulirudi na harufu pia: grisi kuukuu, vumbi, chuma, na maziwa niliyoyamwaga siku moja ya haraka yakachachia humo. Nilibaki nimepiga magoti pale kwa muda ambao haumfai mtu mzima. Ile haikuwa harufu ya gari langu. Ilikuwa ya gari la Baba Mkubwa, na Baba Mkubwa tulikwisha kumzika. Siku ya mazishi watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema alikuwa mtu mkubwa. Mimi nilinyamaza. Mazishi si mahali pa kusahihishana.

Basi nisahihishe hapa, taratibu, maana wengi wenu mna umri wangu na huenda kila mmoja ana Baba Mkubwa wake.

Alikuwa mume wa dada mkubwa wa Mama. Alifanya kazi ya usimamizi katika shamba la kampuni. Hakuwa meneja, wala msaidizi wa meneja. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya mistari ya chai na kuwaambia watu waliokuwa wakichuma tangu alfajiri kwamba hawachumi. Kwa kazi hiyo alivaa koti. Alikuwa mfupi, na hapa naomba mnielewe vizuri, ufupi si kosa. Baadhi ya watu bora niliowahi kuwajua hawanifiki begani. Kosa lilikuwa ni yale aliyoyafanya ili tusiuone.

Meneja wake alikuwa mtu mrefu ajabu, miguu kama nguzo za simu. Alipoendesha gari alikisukuma kiti nyuma hadi mwisho kwa sababu hakuwa na pengine pa kuyaweka magoti yake. Baba Mkubwa aliliona jambo hilo akalielewa kwa namna yake: alidhani cheo ndicho kinachokaa nyuma. Siku aliponunua gari lake kuukuu, jeupe lililokwisha kuwa la manjano, naye akaanza kukirudisha kiti hadi mwisho kila alipopanda. Ilimbidi anyooshe mikono yote kuufikia usukani, akaushika kwa ncha za vidole kama mtu anayeonja mchuzi wa moto. Klachi aliifikia kwa vidole vya mguu tu. Gari lilitembea kama ndama aliyefungwa kamba kwa mara ya kwanza, linaruka, linasita, linaruka tena, na yeye ndani amelala chali kama mfalme anayenyolewa.

Mama na mimi tuliishi kwa mama yake, Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kipsigis, kwenye kishamba chake cha chai na ng'ombe upande wa Boito. Kogo alikuwa mrefu, mkavu, na mwenye maneno machache. Mama aliwahi kuolewa, akarudi, nami nikiwa mgongoni. Hilo halikumsumbua Kogo hata kidogo, lakini Baba Mkubwa lilimsumbua sana ingawa halikumhusu. Nyumbani tulizungumza Kipsigis, naye pia alikuwa Mkipsigis kama sisi, ila akiwa kwetu alisema Kiswahili, Kiswahili kile kile cha kuwaamrisha vibarua. Tulikuwa tukimpa maziwa lala na ugali, naye anakula akituuliza kwa nini ua haujafagiliwa.

Siku moja ya soko alitukuta Mogogosiek, Mama na mimi, tukiwa na kabichi na mtungi mtupu wa maziwa. Nadhani alitubeba kwa sababu kulikuwa na watu wa kumwona akitubeba. Mama alikaa mbele, mimi nyuma. Kiti cha Mama kilikuwa mbele kabisa, magoti yake yamegandamizwa kwenye dashibodi na kabichi ziko kidevuni. Alipapasa huku na huku akitafuta namna ya kukirudisha. Kiti hakikusogea.

Baba Mkubwa alimtazama kwa raha, akaupeleka mkono chini kati ya miguu yake, akaguna. Tak. Kiti chake kikambeba nyuma polepole hadi mwisho.

"Usisumbuke," akamwambia Mama. "Hii kiti inajua watu."

Nilimwamini. Nilikuwa darasa la tatu, na sikuwa nimeona mkono ulifanya nini kule chini. Niliona mtu amekaa, ameguna, na kiti kimemtambua. Na niliona Mama amekaa, ameomba, na kiti kimemkataa. Kwa akili yangu jambo lilikuwa wazi: ndani ya viti vya magari kuna kitu kinachopima watu, kama ile mizani ya kituo cha kuuzia majani ya chai, na sisi wa kwetu hatufiki. Jumapili iliyofuata kanisani nilijaribu benchi. Nilikaa wima, nikaguna. Hakuna kilichosogea isipokuwa jicho la Mama. Nyumbani nilimuuliza Kogo kama kigoda chake kiliwahi kumsogeza. Alifikiri kidogo, akasema kiliwahi kumwangusha.

Mtoto anaweza kuishi na imani ya namna hiyo muda mrefu bila kumwambia mtu. Nilianza kuwatazama wakubwa kwa kuwagawa: huyu kiti kingemtambua, huyu hakingemtambua. Mwalimu mkuu, ndiyo. Baba Mkubwa, ndiyo. Mama, hapana. Naandika hivi na shingo inapata moto, hasa ninapokumbuka ni nani aliyekuwa amenipa mizani hiyo.

Kisha Kogo akaanguka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kati ya mistari ya chai udongo mwekundu ulikuwa kama sabuni. Aliteleza na kikapu chake mgongoni, na mguu ukavunjika chini ya goti. Hospitalini walimfunga plasta kutoka pajani hadi kwenye vidole, akarudishwa nyumbani ndani ya lori la majani lililokuwa tupu, amelala juu ya magunia. Mama aliambiwa mguu usikunjwe kabisa, na kwamba vidole vikivimba, vikibadilika rangi au vikipoa, arudishwe siku hiyo hiyo, bila kungoja.

Vilibadilika Jumapili. Asubuhi vilikuwa vimevimba. Watu walipotoka kanisani vilikuwa vya rangi ya zambarau na baridi kama mawe ya mtoni. Mama alibonyeza ukucha wa kidole gumba, akangoja damu irudi chini yake. Haikurudi. Kogo hakuwa mtu wa kulia, lakini alikuwa ameuma kona ya shuka lake hadi limelowa.

Lori la majani halitembei Jumapili. Gari pekee lililokuwa karibu ni la Baba Mkubwa, ambaye alikuwa amekuja kumwona mgonjwa, yaani kula. Mkewe, binti ya Kogo, alikuwa amebaki nyumbani kwake na watoto, la sivyo habari hii ingekuwa fupi. Watu kadhaa wa kanisa walikuwa uani. Mama alimweleza hali ilivyo. Yeye alikwenda akavitazama vile vidole akiwa mlangoni, kutoka mbali, akarudi akisugua mikono.

Akasema Kogo ni mrefu na mguu haukunjiki. Wakajaribu kiti cha nyuma, wakipima kwa fimbo iliyokatwa urefu wa mguu ule, mlango haukufungika. Mama akasema kiti cha mbele kirudishwe nyuma, Kogo akae hapo, mguu unyooke. Baba Mkubwa akatikisa kichwa.

"Hiyo ya mbele haisongi, imeshika. Na hata ikisonga, mimi nitakaaje bega kwa bega na mama mkwe? Nyinyi watu hamna heshima?"

Niwaeleze wasiojua. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni wakiongea. Ni desturi nzuri, naiheshimu mpaka leo, kwa sababu imezuia matusi mengi. Lakini haikuwahi kumzuia Baba Mkubwa kuingia jikoni kwa Kogo na kufunua vyungu. Siku ile ndipo aliposhikwa na heshima.

"Kesho nitaongea na mtu wa pikapu," akasema. "Wacha mama apumzike."

Mama alivitazama vidole vya Kogo mara moja tena, akaingia jikoni, akatoka na birika. Maji yale yalikuwa yamechemshwa kwa ajili ya chai ya mgeni. Mkono wa pili ulikuwa na kopo la mafuta ya kukamulia, yale mazito tunayopaka chuchu za ng'ombe zisipasuke.

"Chebet," akaniambia, "vua sweta. Ingia chini ya kiti, uniambie unaona nini."

Niliingia kifudifudi kupitia nyuma, shavu langu likilala kwenye zulia, na hapo ndipo ile harufu iliponipata mara ya kwanza. Baba Mkubwa alikuwa na siri yake ndogo: alikuwa akibeba maziwa ya watu kwenye gari lile, mitungi ikiwekwa miguuni pa kile kiti. Maziwa yalikuwa yamemwagika, yakaganda, yakachanganyika na vumbi la maramu ya barabarani na vipande vya majani chai, mpaka yakawa kitu kama saruji ya manjano. Nilimweleza Mama nilichoona, naye akanifundisha kukiona. Wacha niwafundishe nanyi, maana ni kitu rahisi na hakuna sababu ya mtu yeyote kukiogopa.

Chini ya kiti kuna reli mbili, kushoto na kulia. Kila reli ni vyuma viwili. Cha chini kimefungwa sakafuni kwa bolti. Cha juu kimefungwa kwenye kiti, na kingo zake zimekikumbatia cha chini, hivyo kinaweza kuteleza mbele na nyuma lakini hakiwezi kung'oka. Ubavuni mwa reli kuna safu ya meno, na kuna ulimi mdogo wa chuma unaosukumwa na springi ili ukae kati ya jino na jino. Ulimi ukiwa ndani, kiti kimetulia. Mbele, chini ya mapaja ya anayekaa, kuna chuma cha kuvuta. Ukikivuta, ulimi unatoka kwenye meno, na kiti kinakwenda unakokipeleka. Ukikiachia, unarudi: tak. Hakuna kingine. Nilitafuta kile kinachopima watu. Nilikuta punje za mahindi na kichana kilichokatika.

Mama alimimina maji ya moto kidogo kidogo, mimi nikakwangua kwa kijiti, yeye akamimina tena. Ile saruji ikaanza kuyeyuka ikinuka vibaya. Nikapaka mafuta ya kukamulia kwa kidole, reli ya kushoto, kisha ya kulia, kisha kwenye ule ulimi. Baba Mkubwa alisimama juu yetu akisema tutaharibu gari ya watu. Hakuinama hata mara moja.

Mama akaniambia nikae. Nikakaa, nikapeleka mkono chini kati ya miguu, nikavuta. Kiti kilikwama, kikanguruma, halafu kikanibeba nyuma hadi mwisho, mimi mtoto mwenye maziwa yaliyooza kwenye nywele. Nilikipeleka mbele. Nikakirudisha. Watu wa kanisa walicheka, nami ningecheka, ila nilikuwa nimegeuka kumtazama Baba Mkubwa. Kuna siku katika maisha ya kila mtoto mtu mzima mmoja hupungua ghafla mbele ya macho yake, na hawezi tena kurudi alivyokuwa. Nilimwona mtu aliyevaa koti, aliyevuta chuma, akatuambia chuma kimempenda.

"Imesonga," Mama akamwambia kwa Kiswahili chake mwenyewe. "Bado heshima. Tufanye nini na heshima?"

Aliyejibu ni Kogo, kutoka ndani. Hakumsemesha mkwe wake, bali aliisemesha hewa, kama ilivyo desturi. Alisema kama kuna mtu anaona haya, itundikwe leso ya kujitanda.

Basi ikatundikwa leso. Wanawake waliibana chini ya dari la gari kwa kuifunga kwenye kishikio cha juu ya mlango wa nyuma na kwenye kioo cha kutazamia nyuma, ikawa ukuta kati ya dereva na abiria. Wakambeba Kogo wakamweka kwenye kile kiti, mguu umenyooka mbele mzima mzima, mto chini ya kisigino. Mama na mimi tulikaa nyuma. Kazi yangu ilikuwa kuishikilia leso isianguke, na kumwambia Baba Mkubwa kama kuna gari linakuja upande wa kushoto ambao hakuweza tena kuuona. Mbele ya watu wote wale hakupata sababu nyingine. Aliingia, akaguna, akajirudisha nyuma hadi mwisho. Tak.

Na gari likaanza kuruka kama ndama wake.

Kila alipobadilisha giya alikuwa akijinyoosha kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda kwa mguu. Klachi ilimponyoka, gari likaruka, na kila liliporuka nilisikia pumzi ya Kogo ikikatika nyuma ya leso. Mama alimwomba kwa upole asogeze kiti chake mbele kidogo. Akasema ameendesha miaka mingi. Tukapita watu waliokuwa wakitoka makanisani mwao, na kila tulipowafikia alizidi kujilaza. Mama akamwomba tena. Akaanza kutueleza habari za meneja.

Kwenye kilima kirefu kabla ya lami, akitaka kuingiza giya ya kwanza, mguu wake uliikosa klachi kabisa. Gari likazima. Likaanza kurudi nyuma. Aliitafuta breki kwa vidole vya mguu, akaikosa, akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, na gari likasimama kwa kishindo. Hapo Kogo alipiga ukelele. Ni mara ya pekee niliyowahi kumsikia, na sikujua sauti ile ilikuwa ya nani.

Kisha Kogo akasema polepole, kwa Kipsigis, akitafuta pumzi kati ya neno na neno: "Chebet. Mwambie mkwe wangu mguu huu umenibeba tangu yeye hajazaliwa. Kama anaupenda ukubwa kuliko mguu wangu, aseme. Nishuke nitambae."

Alikuwa umbali wa mkono mmoja na alikuwa amesikia kila neno. Lakini desturi ni desturi, nami nilikuwa nimetumwa. Nilimwambia mkwe wake, neno kwa neno, kwa sauti yangu ya kusoma darasani.

Nilimwona shingo ikitoa jasho juu ya kola. Halafu mkono ukashuka. Tak. Kiti kikaja mbele, jino kwa jino, mbele zaidi, mpaka tumbo lilipokaribia usukani na uso wake ukawa juu yake kama mtu anayechungulia kisimani. Aliwasha gari. Liliondoka kama maji.

Nitampa haki yake. Kutoka pale hadi hospitalini aliendesha vizuri kuliko dereva yeyote niliyepanda naye baadaye. Giya ziliingia bila kusikika. Mashimo aliyakwepa moja baada ya jingine kama aliyeyachimba mwenyewe. Nyuma ya leso pumzi ya Kogo ilitulia. Na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: aliweza. Siku zote aliweza. Alikuwa na kipaji, akakilaza chali ili afanane na mtu mwenye miguu mirefu.

Langoni mwa hospitali alisimamisha gari kwanza. Akakirudisha kiti nyuma. Tukaingia tukiruka.

Waliikata plasta kwa msumeno mdogo, wakaipanua kama ganda la njugu. Mguu uliokuwa ndani ulikuwa umevimba, mweupe kwa vumbi la plasta, isipokuwa vile vidole. Muuguzi alivisugua, akavifunika, akangoja, akavifunua. Akamwambia Kogo ajaribu kuvisogeza. Kogo akafumba macho. Hakuna kitu. Mama alikuwa amesimama ukutani, mkono mdomoni. Muuguzi akasema ajaribu tena, asiharakishe. Hakuna kitu. Halafu kile kidole gumba, kile ambacho ukucha wake ulikataa kurudisha damu, kiliinama kidogo kama mtu anayesalimu. Mama akakaa sakafuni.

Muuguzi alitutazama sote. "Nani amemleta huyu mama?" akauliza. "Angekuja kesho, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Baba Mkubwa alikuwa mlangoni, amempa Kogo mgongo kwa heshima. Alifunga kifungo cha koti, akasafisha koo. "Ni mimi," akasema. "Nilipoona hali si nzuri, nikaamua."

Sijawahi kumsikia Kogo akimkosoa mkwe wake kabla ya siku ile wala baada yake. Hakumtazama hata siku ile. Alimgeukia muuguzi, na kwa kile Kiswahili chake kichache, alichokitumia sokoni tu, akasema, "Hapana. Mimi nimeletwa na msichana yangu. Ule amekaa chini. Huyu ingine ni dereva."

Muuguzi akampita Baba Mkubwa, akamwinua Mama kutoka sakafuni, akaanza kumweleza yeye, polepole, jinsi ya kuuosha ule mguu.